Waliokataa Kuyatoa Maandiko: Wakristo wa Afrika ya Kaskazini, 303–411



Siku hizi hatukosi kusikia, shuleni, kazini, hata mezani katika nyumba za Wakristo, neno hili: kila mtu ana ukweli wake. Mwenye Biblia ana wake, mwenye mizimu ana wake, asiye na dini ana wake, wala haifai mtu kumwambia mwenzake kwamba amepotea. Neno hili husemwa kwa sauti ya upole, tena huonekana kuwa neno la amani; ndiyo sababu Wakristo wengi hulipokea bila kulipima. Wengine, kwa kuliogopa, hukimbilia upande wa pili, wakaishika Biblia kama rungu la kumpigia jirani.

Leo nawaomba tulipime neno hili kwa mizani ya historia, maana halikuanza juzi wala jana. Pontio Pilato alikwisha kumwuliza Bwana wetu kweli ni kitu gani, wala hakungoja jibu. Karibu miaka 270 baadaye, katika bara letu hili la Afrika, swali hilohilo liliwafikia wasomaji wa makanisa, mashemasi, mafundi na akina mama. Safari hii lililetwa na maofisa wa serikali, nao walikuja nalo hadi mlangoni.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi Dola la Kirumi lilivyoitazama dini. Wengi hudhani kwamba Warumi waliwachukia Wakristo kwa sababu tu walikuwa na Mungu mwingine. Sivyo. Roma ilikuwa na nafasi kwa miungu mingi. Isis wa Misri alikuwa na mahekalu yake, Mithra alikuwa na wafuasi wake katika kambi za askari, na Wayahudi kwa kawaida waliachiwa desturi za mababu zao. Kila taifa na miungu yake, kila mji na tambiko lake. Kilichotakiwa ni kwamba, ikihitajika, raia achome ubani kidogo mbele ya sanamu, ili aonyeshe kuwa yu pamoja na wengine. Hakuna aliyemwuliza kama anasadiki. Tambiko lilikuwa adabu ya umma. Ukweli waliachiwa wanafalsafa waubishanie.

Hapo ndipo Mkristo alipokwama. Yeye hakuwa na ugomvi na Kaisari. Alilipa kodi, tena alimwombea. Lakini hakuweza kukubali kwamba Kristo ni mmoja katika safu ya sanamu, wa kuchaguliwa na anayependa na kuachwa na asiyependa. Wala hakukataa kwa kudharau hekima ya wengine. Mtakatifu Yustino, mzaliwa wa Palestina aliyepitia shule kadhaa za falsafa kabla ya kubatizwa, alifundisha kwamba mbegu za Neno la Mungu zimo hata kwa wapagani waliotafuta kweli kwa moyo mnyofu. Mtu huyohuyo, alipoamriwa kuitolea miungu sadaka, alikataa, naye akauawa huko Roma yapata mwaka 165. Mambo hayo mawili, heshima na uthabiti, yalikaa pamoja katika moyo mmoja. Tuyashike, maana tutayahitaji.

Sasa twende mwaka 303. Tarehe 24 Februari mwaka huo, katika mji wa Nicomedia, katika nchi ya Uturuki ya leo, ilitangazwa amri ya Kaisari Diocletian na wenzake: makanisa yabomolewe, na Maandiko ya Wakristo yachomwe moto. Dhuluma za awali ziliwatafuta hasa watu. Amri hii ilivitafuta pia vitabu. Kwa nini vitabu?

Kwa sababu maadui wa Kanisa walielewa jambo ambalo Wakristo wengi wa leo hawalifikirii. Tambiko la Kirumi halikuhitaji kitabu. Lilihitaji madhabahu, mnyama na desturi. Imani yetu imesimama juu ya mambo yaliyotukia: kwamba Mungu alisema na watu, kwamba mtu mmoja wa Nazareti alisulubiwa chini ya liwali anayetajwa kwa jina, kwamba wapo waliomwona akiwa hai. Mambo hayo yalikuwa yameandikwa. Kiondoe kitabu, na baada ya vizazi viwili vitabaki hisia tu. Na hisia, wapendwa, haina taabu kukaa kwenye safu moja na sanamu nyingine zote.

Tukumbuke pia kitabu kilikuwa kitu gani siku zile. Hapakuwa na mitambo ya kuchapa. Kila nakala iliandikwa kwa mkono, herufi kwa herufi, na ilikuwa mali ya thamani kubwa. Katika Afrika ya Kaskazini vitabu hivyo aghalabu vilitunzwa nyumbani kwa wasomaji wa kanisa, wale waliosoma kwa sauti ili ndugu zao wasiojua kusoma wapate kusikia. Kukitoa kitabu kulikuwa ni kuwanyima jumuiya nzima sauti ya Mungu.

Kwa bahati tunayo kumbukumbu ya kazi hiyo ilivyofanyika katika mji wa Cirta, ambao leo huitwa Constantine, nchini Algeria. Tarehe 19 Mei 303 msimamizi wa mji, Munatius Felix, alifika katika nyumba walimokutana Wakristo. Askofu Paulo alikuwa ameketi pamoja na mapadre na mashemasi wake. Alipodaiwa Maandiko, alijibu kwamba yako kwa wasomaji. Makarani wakaanza kuandika orodha ya mali: vikombe 2 vya dhahabu, vikombe 6 vya fedha, taa za fedha na za shaba, kisha kanzu 82 za wanawake, shela 38, kanzu 16 za wanaume, jozi 13 za viatu vya kiume na jozi 47 za viatu vya kike.

Tutulie kidogo mbele ya orodha hiyo. Nguo na viatu vyote hivyo havikuwa vya ibada. Huonekana kuwa vilikuwa akiba ya maskini, hasa wajane. Karani wa serikali aliandika hesabu ya mali iliyotaifishwa. Sisi tunasoma humo jinsi Neno lilivyokuwa limetendwa. Watu hawa walisadiki kwamba Injili ni kweli, na dalili ya kusadiki kwao ilikuwa kabatini.

Hata hivyo, siku ile haikuwa siku ya ushujaa kwa wote. Shemasi mdogo Catullinus alitoa kitabu kimoja kikubwa sana. Alipotakiwa, pamoja na mwenzake Marcuclius, kuwataja wasomaji, wote wawili walikataa kuwasaliti ndugu zao, wakasema ni afadhali wauawe; nao wakakamatwa. Watu wengine wakaonyesha nyumba hizo. Mmoja baada ya mwingine, wasomaji wakatoa vitabu: huyu 4, yule 5, mwingine 8. Msomaji mmoja hakuwapo, mkewe akavitoa vitabu 6. Nyumba zikapekuliwa, isije ikawa kimebaki kingine. Hivyo ndivyo jumuiya nzima ilivyopoteza Maandiko yake kwa siku moja, bila damu kumwagika, kwa woga wa kawaida kama huu wetu.

Mahali pengine mambo yalikwenda vingine. Askofu Mensurius wa Karthago aliyaficha Maandiko, akaacha kanisani vitabu vya wazushi. Maofisa wakavichukua hivyo, wakaenda zao. Felix, askofu wa mji mdogo wa Thibiuca, alikiri wazi kwamba Maandiko anayo, lakini akasema hatayatoa, na kwamba ni heri achomwe yeye kuliko vitabu hivyo. Aliuawa mwaka huohuo.

Kisha wakaja Wakristo wa Abitinae, mji mdogo katika nchi ya Tunisia ya leo. Askofu wao, Fundanus, alikuwa amekwisha kuyatoa Maandiko. Waamini wake wangeweza kusema: kama mchungaji amekubali, sisi ni nani? Hawakusema hivyo. Walikutana pamoja na padre Saturninus, wakaadhimisha Ekaristi ya Jumapili katika nyumba ya mtu binafsi, hata wakakamatwa. Walikuwa 49, wanaume kwa wanawake, pamoja na watoto. Walipelekwa Karthago, na tarehe 12 Februari 304 wakahojiwa na liwali Anullinus.

Kati yao alikuwamo binti aitwaye Victoria. Kaka yake, mtu msomi asiye Mkristo, alijitokeza kumtetea, akidai kwamba dada yake alidanganywa na wengine. Binti akakataa utetezi huo, akasema kwamba hakuna aliyemlaghai. Ameamini kwa hiari yake mwenyewe. Na msomaji Emeritus, alipoulizwa kwa nini aliwapokea ndugu nyumbani mwake kinyume cha amri, alijibu kwamba wao bila adhimisho la Jumapili hawawezi kuishi. Alipoulizwa tena kama anayo Maandiko, alijibu kwamba anayo, ila yamo moyoni mwake. Waliteswa, na kadiri ya masimulizi yaliyohifadhiwa, wakafa kwa mateso na kifungo.

Wapendwa, hapa ndipo pana kiini cha neno langu la leo. Askari aliweza kuingia nyumba ya Emeritus, kufungua sanduku na kupekua dari. Moyoni hakuweza kufika. Tumaini la Mkristo katika ukweli wa Maandiko si kelele ya mdomo wala kitabu kizuri juu ya kabati. Ni Neno lililokwisha kuingia ndani ya mtu, hata likawa sehemu ya maisha yake. Mtu wa namna hiyo haogopi kuulizwa, wala hana haja ya kumtukana anayemwuliza.

Dhuluma ikaisha. Mwaka 313 Wakristo wakapewa uhuru wa kuabudu, na mambo yakageuka. Ifikapo mwaka 384, walioomba kuvumiliwa walikuwa wapagani. Symmachus, mkuu wa mji wa Roma, alimwandikia Kaisari barua ya ufasaha mkubwa, akiomba madhabahu ya mungu wa Ushindi irudishwe katika jumba la Seneti. Hoja yake ilikuwa nzuri, na mpaka leo hakuna aliyeitoa kwa uzuri zaidi: siri iliyo kubwa namna hii haiwezi kufikiwa kwa njia moja tu. Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano, alimjibu kwamba kile wanachokitafuta wao kwa kubahatisha, Wakristo wamekipata kwa Mungu mwenyewe.

Tuliangalie vizuri jibu hilo. Kama dini ni mwanadamu kupanda mlima ili amtafute Mungu, basi Symmachus ana haki: mlima una njia nyingi, na hakuna mpandaji anayeweza kujivunia yake. Lakini Wakristo hawasemi kwamba wao wamepanda vizuri kuliko wengine. Wanasema kwamba aliyekuwa juu ameshuka. Hilo, ama limetukia, ama halikutukia. Haliwezi kuwa kweli kwangu na uwongo kwako. Kwa hiyo hatuna la kujivunia. Aliyeletewa habari njema hasifiwi kwa kuwa ameipokea. Anadaiwa kuifikisha kwa wengine.

Lakini historia ina fundisho la pili, nalo ni chungu. Baada ya dhuluma ziliulizwa habari za wale waliotoa vitabu. Kwa Kilatini waliitwa *traditores*, yaani watoaji, na neno hilo lilibeba pia maana ya wasaliti. Kundi kubwa, lililokuja kuitwa Wadonati, lilisema kwamba Kanisa lililowapokea tena watu hao limechafuka, na kwamba sakramenti za mhudumu msaliti ni bure. Mtaguso wa Arles, mwaka 314, uliamua kwamba upadrisho uliotolewa na askofu wa namna hiyo unabaki halali, kwa kuwa neema ni ya Kristo, si ya mhudumu. Wadonati hawakukubali. Mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili walikutana Karthago kubishania jambo hilo. Kwa karibu miaka 100 Wakristo wa Afrika walikuwa wamechukiana kwa jina la Maandiko yaleyale ambayo babu zao waliyafia.

Hata Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, ambaye mwanzoni alipinga kuwarudisha Wadonati kwa nguvu, baadaye aliunga mkono sheria za serikali dhidi yao. Kanisa katika karne zilizofuata halikukosa waliotumia mfano huo vibaya. Iliwachukua Wakristo muda mrefu kusema wazi kile ambacho Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikitamka tarehe 7 Desemba 1965, katika Tamko juu ya Uhuru wa Dini: kwamba ukweli huingia akilini kwa nguvu yake wenyewe, na mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Hili si kusema kwamba dini zote ni sawa. Ni kusema kwamba ukweli hauhitaji rungu.

Augustino huyohuyo alituachia onyo jingine. Aliwakemea Wakristo wanaosimama mbele ya wasomi wasioamini na kunena upuuzi kuhusu mbingu, nyota na dunia, wakidai kwamba ndivyo Biblia isemavyo. Msikilizaji, akijua kwamba hayo si kweli, atawezaje kuwasadiki wanapomweleza ufufuko wa wafu? Kwa njia hiyohiyo Mtaguso, katika Hati juu ya Ufunuo iliyotolewa tarehe 18 Novemba 1965, ulitufundisha kwamba Maandiko hufundisha bila kosa ule ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu, na kwamba yatupasa kuchunguza mwandishi alikusudia nini na aliandika kwa mtindo gani. Anayesadiki haogopi uchunguzi.

Sasa turudi nyumbani. Wahenga walisema: mwacha mila ni mtumwa. Ni kweli, na Kanisa halikuja kutufanya watumwa. Heshima kwa wazee, ukarimu kwa mgeni, mshikamano wa ukoo, hayo ni mbegu zilezile alizoziona Mtakatifu Yustino. Lakini je, kila mila ni kweli kwa sababu tu ina wenyewe? Katika sehemu kadhaa za Tanzania vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, dalili ikiwa ni macho mekundu. Na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, kwa miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi nao wamewindwa kwa sababu ya imani ya uganga. Anayesema kwamba kila mtu ana ukweli wake, atamwambia nini muuaji? Atasema kwamba ule ni ukweli wa muuaji? Na yule bibi, ukweli wake uko wapi? Hapo neno lile lililoonekana la amani linamwacha mnyonge peke yake mikononi mwa mwenye panga. Lakini Maandiko yanasema kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Na hilo ni kweli kwa bibi yule hata kama kijiji kizima kinapinga.

Kardinali Joseph Ratzinger, siku moja kabla ya kuchaguliwa kuwa Papa Benedikto XVI, alionya tarehe 18 Aprili 2005 juu ya udikteta wa fikra isiyotambua jambo lolote kuwa la hakika, na inayoacha nafsi na tamaa za mtu ziwe kipimo cha mwisho. Neno la udikteta si zito mno. Pasipo ukweli ulio juu ya wote, mwenye nguvu ndiye anayebaki akiamua.

Lakini tusijidanganye kwamba kuwa na Biblia kunatosha. Mwaka 1994, nchini Rwanda, nchi ambayo wengi wa wakazi wake walikuwa wamebatizwa, watu waliuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia. Vitabu vilikuwapo. Mioyoni mwa waliowaua hamkuwa na kitu. Msomaji Emeritus angetuuliza leo swali gumu kuliko lile la liwali: ninyi ambao hakuna askari anayevitafuta vitabu vyenu, mmevitia wapi?

Basi, ndugu zangu, mtoto wako anaporudi kutoka chuo na kukuambia kwamba kila dini ni sawa, usimfokee, wala usikae kimya. Msikilize. Keti naye, mfungue naye Injili, muisome taratibu mpaka aone kwamba habari hii inadai jibu. Jirani yako Mwislamu au mfuasi wa dini ya jadi akikuuliza unasadiki nini, mwambie kwa heshima, bila kupunguza kitu na bila kumdharau. Na Jumapili ikifika, usiseme mvua, usiseme shughuli. Wako waliolipa bei kubwa sana kwa saa hiyo moja, hapahapa barani kwetu.

Ee Bwana, uliye Njia na Kweli na Uzima, uyaandike Maandiko yako mioyoni mwetu, mahali ambapo hakuna awezaye kuyapekua. Utupe uthabiti wa Wafiadini wa Abitinae, na utuepushe na ugumu wa moyo. Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie ninyi nyote. Amina.